Eksirei ya Meno: Picha Inayohitajika, kwa Mionzi Kidogo Iwezekanavyo

Tuchukue mfano wa mama anayetoka Maua na binti yake wa miaka 11 kwenda kumwona daktari wa meno mjini Meru. Jino moja la chonge la juu halijatoka, na meno ya mbele yameanza kupandana. Daktari anasema huenda mtoto akahitaji waya za kunyoosha meno, na kwamba lazima apigwe picha kwanza. Mama anauliza bei. Kisha anauliza swali la pili, kwa sauti ya chini kidogo: "Daktari, hiyo mionzi haitamdhuru mtoto?"

Hilo ni swali zuri, na kila mkazi wa Meru na Embu ana haki ya kuliuliza na kupewa jibu analolielewa. Jibu fupi ni kwamba eksirei ya meno hutumia mionzi kidogo sana, na ikihitajika faida yake hushinda hatari yake kwa mbali. Lakini kiasi cha mionzi hakilingani katika kila kliniki. Picha zile zile, za mdomo ule ule, zinaweza kupigwa kwa mionzi kidogo au kwa mionzi mara kumi zaidi, kulingana na vifaa na uangalifu wa mhudumu. Makala haya yanaeleza tofauti hiyo inatoka wapi na mkazi afanye nini.

MIONZI NI KIASI GANI?

Kila mtu hupata mionzi kila siku bila kwenda hospitalini. Hutoka ardhini, kwenye mawe, hewani, katika chakula na angani. Wastani wa dunia ni takriban milisiveti 2.4 kwa mwaka. Milisiveti ndicho kipimo cha mionzi kinachotumiwa kulinganisha athari zake mwilini. Sehemu nyingine hupata zaidi ya wastani huo. Hapa nchini, Kilima cha Mrima katika Kaunti ya Kwale kinajulikana kwa miamba yenye mionzi mingi ya asili. Na kadiri unavyopanda milimani, ndivyo mionzi ya kutoka angani inavyoongezeka kidogo, kwa hiyo anayeishi kwenye miteremko ya Mlima Kenya hupata mionzi ya angani kuliko anayeishi Mombasa.

Kwa kutumia wastani huo wa dunia, picha za kawaida zinaweza kulinganishwa hivi:

• Picha moja ndogo ya ndani ya mdomo: takriban milisiveti 0.005. Ni chini ya mionzi ya asili ya siku moja.
• Picha ya kichwa kwa upande, inayotumiwa kupanga matibabu ya waya: kwa kawaida haizidi milisiveti 0.006. Ni kama siku moja.
• Picha ya taya zote mbili kwa pamoja, ambayo kwenye fomu huandikwa OPG: takriban milisiveti 0.02. Ni kama siku tatu.
• Picha ya pande tatu ya meno na taya, inayoandikwa CBCT: hutofautiana sana, kutoka chini ya milisiveti 0.05 hadi kufikia 1 na hata zaidi. Ni kuanzia siku chache hadi miezi kadhaa.
• Kwa kulinganisha, picha ya CT ya kichwa hospitalini ni takriban milisiveti 2. Ni kama miezi kumi.

Ukiangalia orodha hiyo utaona mambo mawili. Kwanza, hakuna sababu ya mtu kukimbia picha ndogo ya jino linalomuuma. Pili, neno "eksirei ya meno" linabeba vitu tofauti sana. Kati ya picha ndogo ya jino moja na picha kubwa ya pande tatu, mionzi inaweza kuongezeka zaidi ya mara mia moja. Kwa hiyo usiridhike kuambiwa tu kwamba "ni eksirei ndogo". Uliza ni picha ya aina gani.

IKIWA NI KIDOGO, KWA NINI TUJALI?

Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei tarehe 8 Novemba 1895. Mnamo Januari 1896, daktari wa meno Otto Walkhoff alijipiga picha ya kwanza ya meno inayojulikana. Ilimbidi akae mbele ya mashine kwa dakika 25. Leo picha hiyo huchukua sehemu ndogo tu ya sekunde.

Maendeleo hayo yalikuja kwa gharama. Huko Marekani, daktari wa meno C. Edmund Kells wa New Orleans alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutumia eksirei kwa wagonjwa, na kwa miaka mingi mikono yake ilikaa ndani ya miale. Alipata saratani, akakatwa vidole, kisha mkono, na akafariki mwaka 1928. Mionzi aliyoipata ni mingi sana kupita ile ya mgonjwa yeyote wa leo. Hata hivyo, kutokana na mikasa ya waanzilishi kama yeye, wataalamu walijifunza kwamba mionzi haionekani, haiumi na haina harufu, na madhara yake huja baada ya miaka.

Kwa viwango vidogo vya leo, wataalamu wa kinga dhidi ya mionzi hufuata kanuni ya tahadhari: huchukulia kwamba kila kiasi cha mionzi, hata kidogo, huongeza hatari ndogo ya saratani, na kwamba viwango hivyo hujumlishwa maishani. Watoto huathirika zaidi. Seli zao bado zinagawanyika kwa kasi, tezi ya shingo iko karibu na taya, na wana miaka mingi mbele yao. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya kuhusu eksirei za meno wa mwaka 2004 unakadiria kwamba hatari kwa mtoto wa chini ya miaka 10 ni mara tatu ya ile ya mtu wa miaka 30. Na wanaowekewa waya za meno wengi wao ni watoto na vijana, ambao hupigwa picha zaidi ya mara moja katika matibabu ya mwaka mmoja, miwili au zaidi.

SWALI LA KWANZA: JE, PICHA HII INAHITAJIKA?

Njia bora ya kupunguza mionzi ni kutopiga picha isiyohitajika. Daktari anapaswa kuzungumza na mgonjwa na kuangalia mdomo wake kwanza, ndipo aamue kama picha inahitajika na ni ipi. Kupeleka kila anayeingia mlangoni kwenye chumba cha eksirei kabla hajaonwa na daktari si utaratibu mzuri, hata kama mgonjwa ana bima au ana pesa taslimu.

Picha inahitajika pale jibu lake linapoweza kubadilisha matibabu. Jino linalouma usiku, uvimbe wa taya, usaha kwenye fizi, jino lililovunjika katika ajali ya bodaboda, gego la mwisho lililokwama, au jino litakalotibiwa mzizi: hapa picha humwonyesha daktari kile ambacho jicho haliwezi kuona. Kwa upande mwingine, madoa ya kahawia yatokanayo na floridi nyingi katika maji, au rangi inayoachwa na miraa na chai, si sababu ya kupiga eksirei yakiwa peke yake. Daktari huyaona kwa macho.

Kwa uchunguzi wa kutoboka kwa meno, hakuna sababu ya kupiga picha kila mwaka kwa kila mtu. Mwongozo wa chama cha madaktari wa meno wa Marekani unapendekeza kwamba mtu mzima asiye na tatizo na asiye katika hatari anaweza kukaa miezi 24 hadi 36 kabla ya kurudia picha hizo. Mtoto ambaye meno yake yanatoboka kwa urahisi anaweza kuhitaji picha baada ya miezi 6 hadi 12. Muda huamuliwa na hali ya mdomo wa mgonjwa mwenyewe.

Tukirudi kwa binti wa Maua: chonge la juu ambalo halijatoka ni sababu halali ya kupiga picha. Daktari hulitafuta kwanza kwa kidole juu ya fizi, kwa kawaida kuanzia umri wa miaka 9 au 10. Asipolihisi, picha itaonyesha kama limelala vibaya au linaharibu mizizi ya meno ya jirani. Kabla ya kuwekewa waya, mara nyingi picha ya OPG pamoja na ile ya kichwa kwa upande hutosha, na kuna watoto ambao hawahitaji ile ya pili. Picha ya pande tatu haipaswi kuwa ya kila mtoto. Huhitajika pale picha za kawaida zimeshindwa kujibu swali, kwa mfano kuonyesha jino lililokwama liko upande gani wa mizizi ya mengine. Hata hapo, mashine nyingi huweza kupiga eneo dogo tu la taya badala ya kichwa kizima, na eneo dogo huleta mionzi michache.

Matibabu yakiendelea, picha za kufuatilia ziwe na sababu. Kupiga picha mwishoni ili tu kuweka kumbukumbu ya kazi nzuri ya daktari hakumsaidii mgonjwa.

NDANI YA CHUMBA: MAMBO YANAYOPUNGUZA MIONZI

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulilinganisha njia tofauti za kupiga seti kamili ya picha ndogo za mdomo mzima. Kwa filamu ya zamani isiyo nyepesi kupokea miale, na mashine yenye mdomo wa mviringo, mgonjwa alipata karibu milisiveti 0.39. Kwa filamu ya kasi au kifaa cha kidijitali, na mdomo wa mashine wa mstatili, alipata karibu milisiveti 0.035. Ni picha zile zile, lakini mionzi imepungua mara kumi na moja. Tofauti hiyo hutokana na mambo yafuatayo, ambayo kila kliniki inaweza kuyafanyia kazi.

Umbo la miale. Filamu ni ya mstatili. Mashine ikitoa miale ya duara pana, sehemu kubwa huangukia shavu na shingo bila kutengeneza picha yoyote. Kipande cha chuma chenye tundu la mstatili kikifungwa mbele ya mashine hukata miale hiyo ya ziada, na mionzi hupungua kwa zaidi ya nusu. Ni kifaa kidogo, hakihitaji kununua mashine mpya, na huenda ndicho chenye faida kubwa kuliko vyote.

Filamu au kifaa cha kidijitali. Filamu ya kasi ya kiwango cha F huhitaji chini ya nusu ya mionzi inayohitajiwa na filamu ya zamani ya kiwango cha D. Vifaa vya kidijitali hupunguza pia, lakini vina mtego wake: kwa kuwa picha huonekana papo hapo kwenye kompyuta, ni rahisi mhudumu kubonyeza tena na tena akitafuta picha ya kupendeza. Picha ikishajibu swali la daktari, inatosha.

Kipimo cha mtoto kwa mtoto. Mashine ina mpangilio wa mtu mzima na wa mtoto. Kumpiga mtoto wa miaka 8 kwa kipimo cha baba yake ni kumpa mionzi asiyoihitaji.

Kishikio. Filamu au kifaa cha kidijitali kinapaswa kushikwa na kishikio maalumu ndani ya mdomo. Kidole cha mgonjwa hutelezesha filamu na picha huharibika. Mhudumu naye hapaswi kukishika kwa mkono wake. Hilo ndilo funzo la Kells.

Kutorudia. Picha iliyorudiwa ni mionzi maradufu kwa jibu moja. Sababu za kurudia mara nyingi ni za kawaida: mgonjwa alisogea, hereni au miwani haikuvuliwa, au filamu iliharibika kwa sababu dawa ya kuisafishia imechakaa. Hapa mgonjwa ana sehemu yake. Vua hereni, mkufu, miwani na meno bandia yanayotoka. Mweleze mtoto mapema kwamba hakuna kuchomwa sindano, na kwamba atatulia muda mfupi tu.

JE, APRONI YA RISASI?

Wengi wetu tumezoea kuhukumu usalama wa kliniki kwa ile aproni nzito. Ukivalishwa, unahisi umelindwa, na ukikosa, unaogopa. Lakini aproni huzuia miale inayokuja kutoka nje ya mwili, ilhali mionzi kidogo inayofika tumboni wakati wa eksirei ya meno hupitia zaidi ndani ya mwili wenyewe, na aproni haiwezi kuizuia. Ndiyo maana mwaka 2024 chama cha madaktari wa meno wa Marekani kilipendekeza kuacha kutumia aproni na kola za shingo katika eksirei za meno. Sababu nyingine waliyotoa ni kwamba vifaa hivyo vinaweza kuingia ndani ya picha, hasa ya OPG, na kusababisha irudiwe.

Miongozo haifanani katika kila nchi, na kliniki nyingi zinaendelea kutumia aproni. Ukipewa, ivae. Ila usiichukulie kuwa ndiyo kinga yote. Kliniki yenye aproni nzuri lakini inayopiga picha bila sababu, kwa kipimo cha mtu mzima na kurudia mara tatu, haijakulinda.

MAMA MJAMZITO

Mwambie daktari kila mara kama una mimba au unahisi unayo. Miale ya eksirei ya meno haielekezwi tumboni, na mionzi inayomfikia mtoto ni kidogo mno. Kwa hiyo jino lenye usaha lisiachwe hadi baada ya kujifungua kwa kuogopa picha moja ndogo, kwani maambukizi yasiyotibiwa ni hatari zaidi kwa mama na mtoto. Picha zisizo za dharura, kama za kupanga waya, zinaweza kusubiri.

PICHA YAKO ISAFIRI NAWE

Wagonjwa wengi wetu hupewa rufaa. Mtu hutoka Siakago au Ishiara hadi Embu mjini, au Timau hadi Meru mjini, kisha Nairobi. Akifika bila picha, hupigwa upya: mionzi mara ya pili na gharama mara ya pili. Unapomaliza kupigwa picha, omba nakala. Ikiwa ni filamu, ihifadhi kwenye bahasha kavu iliyoandikwa jina na tarehe. Ikiwa ni ya kidijitali, omba faili yenyewe, kwa kuwa picha ya skrini iliyopigwa kwa simu mara nyingi haionyeshi vya kutosha. Kumbuka kwamba hiyo ni siri yako ya kiafya, kwa hiyo usiisambaze katika makundi ya WhatsApp. Ukibadilisha daktari wa waya za meno, peleka picha za awali kabla ya kukubali mpya.

LESENI NA HAKI ZAKO

Chini ya Sheria ya Kudhibiti Nyuklia ya mwaka 2019, mashine ya eksirei haiwezi kutumiwa bila idhini ya Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya, KNRA. Mamlaka hiyo ilichukua nafasi ya Bodi ya Kinga dhidi ya Mionzi. Madaktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Una haki ya kuuliza kama mashine ina leseni na kama anayeitumia amehitimu.

Kuwa mwangalifu zaidi na mashine ndogo za kushikwa mkononi. Zilizoidhinishwa na zenye kinga ya kumkinga mhudumu zina manufaa, hasa kwa mgonjwa asiyeweza kufika kliniki. Lakini mwaka 2012 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mashine za aina hiyo zilizouzwa mtandaoni bila kukaguliwa. Bei rahisi si ushahidi wa usalama.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa uchunguzi anaofanyiwa, faida zake, hatari zake na gharama yake, kwa lugha anayoielewa. Iwe ni Kimeru, Kiembu, Kimbeere au Kiswahili, omba ufafanuzi hadi uridhike.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA PICHA

1. Daktari, picha hii itakusaidia kuamua nini?
2. Ni ya aina gani, ndogo, OPG au ya pande tatu? Je, iliyo ndogo zaidi haitoshi?
3. Nilipigwa picha hivi karibuni. Je, hiyo haifai?
4. Mashine imewekwa kipimo cha mtoto?
5. Mashine ina kipande cha mstatili cha kupunguza miale?
6. Je, naweza kupewa nakala?

Daktari mzuri hatachukizwa na maswali haya. Mengi yeye mwenyewe hujiuliza kila siku. Mnamo Februari 2015, wataalamu wa picha za kitabibu barani Afrika walizindua kampeni ya AFROSAFE jijini Nairobi, kwa lengo hili hili la kuhakikisha kila picha ina sababu na inapigwa kwa mionzi michache iwezekanavyo.

Mwisho, makala haya yasiwe kisingizio cha kukataa matibabu. Usaha uliofichika chini ya jino, au uvimbe wa taya unaokua polepole bila maumivu, hugunduliwa mapema kwa picha. Ukicheleweshwa, gharama yake huwa upasuaji mkubwa. Yule mama wa Maua anaweza kukubali picha ya binti yake kwa moyo mweupe akishajibiwa maswali hayo. Na njia ya uhakika ya kuhitaji eksirei chache inaanzia nyumbani: kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, kupunguza soda na peremende, na kumpeleka mtoto kuangaliwa meno kabla hayajaanza kuuma. Kwa ushauri zaidi, mwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako au tembelea kituo cha afya kilicho karibu nawe.